Donge la Udongo kwenye Shavu la Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Dada Fundi Cherehani,

"Gurudumu likizunguka hutupa vitu nje, moja kwa moja kutoka katikati. Ukingo wa upande wangu haukuwa na kitu, nilikuwa nautazama. Kwa hiyo donge lile halikutupwa na gurudumu. Lilitupwa na yule binti."

Hayo ni maneno yako. Mwanao muuguzi alinisomea kutoka kwenye kipande cha karatasi huku akitazama viatu vyake. Nimeyanakili bila kupunguza hata nukta, usije ukasema nimekuzulia. Sasa nayachambua, na yakibaki mazima nitakuomba radhi.

Tuanze na yale tusiyobishania. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili Februari ulikuja kwenye karakana ya binti wa kaka yangu, niliyemlea mimi tangu akiwa na miaka sita, umwone akifanya kazi yake ya ufinyanzi kabla hujataja tarehe ya ndoa. Yeye alikaa kwenye kigoda chake, mgongo dirishani. Wewe ulipewa kiti chenye mto, mkabala naye, ng'ambo ya gurudumu. Mimi nilikuwa mkono wake wa kulia. Gurudumu likiwa kasi ukasema: "Mikono iliyozoea tope haitaweza kutunga uzi kwenye sindano." Papo hapo donge likakupiga shavu la kushoto, na nusu yake ikaingia mdomoni kwa kuwa ulikuwa hujaufunga. Ukasimama, ukatoka. Tangu siku hiyo simu hupokei na tarehe hutaji. Mwanao anahamishiwa kituo cha mbali tarehe ishirini na nane Aprili, na huko nyumba hupewa wenye ndoa tu. Bila neno lako hataoa. Watu wazima wawili wamening'inizwa kama nguo kambani kwa sababu ya donge lisilozidi ukubwa wa karanga.

Sasa sikiliza. Hakuna gurudumu linalotupa kitu kutoka katikati kwenda nje. Mimi ni mkutubi kwa miaka ishirini na sita. Upuuzi huo nimeukuta kwenye vitabu vitatu vya shule, na kote nimeandika kwa penseli SI KWELI. Kitu kilichoko ukingoni kinataka jambo moja tu, kwenda mbele kwa mstari ulionyooka. Gurudumu ndilo linalokinyima. Linakivuta kuelekea katikati kila nukta ya safari, kama mama aliyemshika mtoto ukosi sokoni. Ukosi ukimponyoka, mtoto hakimbii kinyume na mama. Anakwenda kule alikokuwa amekwisha kuelekea.

Gurudumu lile huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Donge lingeponyoka mbele ya magoti ya mfinyanzi lingekwenda kulia kwake, na kulia kwake nilikuwa mimi. Ningepigwa mimi. Sikupigwa. Tena mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya chungu. Kesi imekwisha. Taja tarehe.

Shangazi wa Mfinyanzi


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Bi Mkutubi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa miwani.

Unaandika vizuri. Hilo halikufanyi kuwa sahihi. Ni kweli sikuuona mkono wake ukiinuka, lakini donge halina miguu, na mtu hapigwi mdomoni kwa bahati mbaya pale pale anapotoa maoni kuhusu mkwe.

Hoja yangu ya kwanza. Mfinyanzi wenu alimwambia mwanangu kuwa gurudumu lake linakwenda kulia. Mimi niliyekaa mbele yake nililiona kwa macho haya likienda kulia. Tulikuwa tumetazamana, bibi. Kulia kwake ni kushoto kwangu. Mmoja wetu ni mwongo, na mimi nimeshona sare za kwaya miaka thelathini bila mtu kuniita mwongo.

Hoja ya pili nilitaka iwe kubwa kuliko hiyo. Nilifunga kastabini ya kidoleni kwangu kwenye uzi wa jinzi, nikaizungusha juu ya kichwa, nikaiachia ilipofika usawa wa kalenda. Nilikusudia kukutumia kalenda yenye tundu ikuaibishe. Kalenda haikuguswa. Kastabini ilikwenda kumpiga mteja aliyekuwa anajaribu suruali mbele ya kioo, robo nzima ya mzunguko kutoka pale. Ni karani wa mahakama. Aliuliza kama huo ni utaratibu mpya wa kupima kiuno.

Nikarudia mara nne, mteja akiwa ameshatoka nje. Mara zote kioo.

Sijasema umeshinda. Nimesema kalenda ni nzima. Na hili la kulia na kulia nangoja ulijibu.

Fundi Cherehani


Jumanne, tarehe 11 Machi

Dada Fundi,

Nakuvulia kofia kwa kastabini. Wapo maprofesa ambao hawajawahi kuizungusha hata kalamu.

Hilo la kulia na kulia linajibika kwa sentensi mbili. Yeye alimwambia mwanao habari za ukingo ulio karibu yake, nawe ukaangalia ukingo ulio karibu yako. Weka sahani mezani, mkae wawili mkitazamana, izungushwe: kila mmoja ataapa kwamba upande wa kwake unakwenda kulia, na wote watakuwa wakweli. Hakuna mwongo hapo. Kuna viti viwili tu. Nusu ya ugomvi wa dunia hii ni watu kusimulia viti vyao wakidhani wanasimulia gurudumu, na naona ajabu kwamba mabunge yote hayajawekewa sahani.

Sisimami hapo, maana nakujua sasa: utasema donge lilisukumwa tu. Nani alisukuma? Kama ungekuwa nzi umekaa juu ya gurudumu, ungeapa kuwa kuna mtu anakusukuma nje. Hakuna. Wewe nzi unataka kunyoosha njia, gurudumu linakukunja. Ukiteleza, wenye macho waliosimama chini wanakuona ukienda zako sawasawa, huku wewe ukilia umefukuzwa.

Hutaki maneno? Chukua chaki yako ya kukatia. Chora karakana yote juu ya meza yako kwa vipimo: gurudumu, kigoda, kiti chako chenye mto. Weka alama kwenye shavu lako la kushoto. Kutoka pale rudisha mstari hadi uguse ukingo wa gurudumu, uguse tu bila kuingia ndani, na ukumbuke linakozungukia. Kisha uniambie kama mstari huo unafika kwenye mikono ya mtoto wangu. Nakupa changamoto hiyo mbele ya mashahidi wowote utakaowataka.

Shangazi wa Mfinyanzi


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Shangazi, shikamoo.

Muuguzi ameniambia ulichoandika. Nilimsihi aipoteze barua njiani, akasema ameshaifikisha na Mama ameshaondoa vitambaa vyote mezani.

Shangazi wangu, nakuomba uache kunitetea. Kila barua unayoandika inaniondolea mimi lawama kwa hatua moja na kuisogeza mahali pengine kwa hatua moja, na mahali penyewe unapajua. Nani alikaa kulia kwangu? Nani aliinama kunong'ona "subiri nimwonyeshe kitu"?

Kidole chako nilikiona. Nilikuwa nafungua mdomo wa chungu, siwezi kutoa mikono, lakini macho yalikuwa huru. Nilinyamaza kwa sababu wewe ndiwe uliyenifunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule, na nilidhani utasema mwenyewe jioni ile. Halafu ukaanza kuandika, na ukianza kuandika hakuna wa kukushika.

Mimi ningebeba lawama. Mama angenisamehe polepole, baada ya mtoto wa kwanza hivi. Sasa umempa chaki.

Mwanao


Jumatatu, tarehe 17 Machi

Bi Mkutubi,

Nimechora.

Meza yangu ya kukatia ni ndefu kuliko kitanda na haina mkunjo. Nilichora gurudumu, kigoda, dirisha na kiti changu, mto wake pia. Muuguzi nilimtuma karakana na futi, akarudi na vipimo na jasho. Mstari nilipitisha kwa rula ya chuma, mara tatu, maana kitambaa nikishakikata hakirudi.

Ulisema kweli. Mstari haukufika kwenye mikono ya binti. Umempita kando, ukaenda ukagusa gurudumu upande wake wa kulia. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kumaliza kazi, upande huo pia nikachora kiti. Kikabaki kitupu. Nikakiangalia, nikanywa maji, nikakiangalia tena. Halafu nikachukua barua yako ya tarehe tatu, ukurasa wa kwanza, nikasoma: "Mimi nilikuwa mkono wake wa kulia."

Kwa hiyo nina swali fupi, na ukipenda nijibu kwa penseli: siku ile, bibi, vidole vyako vilikuwa wapi?

Mchoro sijaufuta. Vitambaa vya wateja navikatia sakafuni.

Fundi Cherehani


Jumatatu, tarehe 24 Machi

Dada Fundi,

Wiki nzima penseli yangu haikugusa kitabu. Wanaonijua maktabani walidhani naumwa.

Vidole vyangu vilikuwa kwenye ukingo wa gurudumu.

Nilikuona unapiga miayo. Mtoto anafungua chungu kama ua na wewe unatazama saa. Nikataka kukuamsha. Nilichuna udongo, nikaubandika ukingoni ili nikuonyeshe jinsi ukingo unavyokimbia wakati katikati pametulia. Ndiyo hotuba niliyokuwa nimeiandaa. Donge halikushika. Liliteleza pale pale chini ya kidole changu na kunyoosha njia. Mengine unayajua kuliko mimi, uliyaonja.

Hapo ningeweza kuishia, na mwanasheria angeniambia niishie. Lakini nimewaandama watu maisha yangu yote kwa kusema nusu ya jambo. Uliposema lile neno la sindano, kidole changu kilikuwa bado juu ya donge. Ningeweza kulikandamiza likashika. Sikulikandamiza. Sijui kidole kilikuwa na maoni gani wakati ule. Mimi nilikuwa na maoni makali.

Kisha nikakuacha umchukie mtoto asiye na kosa kwa mwezi mzima, huku najaza kurasa kumtetea kwa kosa langu mwenyewe. Nilijiambia kwamba nikithibitisha si yeye, itatosha, hakuna atakayeuliza ni nani. Kumbe nilikuwa naandika ramani ya kuja nyumbani kwangu.

Mpe tarehe. Yeye hana deni lolote kwako. Nikitakiwa kukaa nje ya mlango siku hiyo, nitakaa, na nitakuja na kitabu.

Shangazi


Ijumaa, tarehe 28 Machi

Bi Mkutubi,

Nilicheka mpaka uzi ukakatika. "Sijui kidole kilikuwa na maoni gani." Nimemsomea karani wa mahakama, akasema utetezi wa aina hiyo husikika sana kwao lakini haujawahi kuandikwa vizuri namna hiyo.

Nami nina langu, kwa kuwa umejifunua mbele yangu. Lile neno la sindano halikunitoka ghafla. Nililifanyia mazoezi njia nzima. Mikono ya binti ni mizuri. Chungu kile kilikuwa kinapanda kama kinapumua. Ndicho kilichoniudhi. Mwanangu ni mmoja. Akioa anapewa nyumba, na akipewa nyumba huko mbali hatakuwa na sababu ya kurudi. Nilitaka sababu ya kukataa, nikawa nimekosa, ndipo donge lako likaniletea. Nililipokea kwa mikono miwili. Sasa unajua kwa nini nilishikilia kwa nguvu kwamba ni yeye.

Basi hatudaiani. Tarehe nitaitaja.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo linaninyima usingizi, nawe ndiwe uliyelianzisha. Umeandika kuwa nzi anasingizia, hakuna anayemsukuma nje. Mkabala na duka langu kuna shule ya chekechea yenye pembea ya kuzunguka. Jumatano nilikwenda nikakaa juu yake. Walinizungusha watoto sita. Bibi, nilisukumwa nje. Nyonga yangu ilibanwa kwenye chuma mpaka leo ina alama. Mwalimu aliniomba nishuke baada ya mzunguko wa tisa, nikamwambia ni utafiti.

Usiniambie hakuna kitu. Nilikuwepo.

Fundi Cherehani


Jumanne, tarehe 1 Aprili

Dada Fundi,

Chuma kilikubana kwa sababu chuma kilikuwa kinakusukuma ndani. Nyonga yako ilitaka kwenda mbele ikamgonge mwalimu, chuma kikaikatalia. Alama unayoionyesha ni ushahidi wangu, si wako. Jiulize, kama ulisukumwa nje, aliyekusukuma alisimama wapi? Mgongoni kwako kulikuwa na nani?

Nasubiri jibu. Na hongera kwa mizunguko tisa.

Shangazi


Ijumaa, tarehe 4 Aprili

Bi Mkutubi,

Mgongoni hapakuwa na mtu. Ila nilipanda tena, safari hii na kastabini kwenye uzi, nikaining'iniza mkononi huku tunazunguka. Uzi haukukaa wima. Uliegemea nje, ukatulia hivyo hivyo, kama mlevi kwenye nguzo. Wewe uliyesimama chini utasema uzi unaikunja kastabini isinyooshe njia. Sawa. Mimi niliye juu, ambaye pembea kwangu imetulia na shule ndiyo inayozunguka, nitaitulizaje hesabu yangu bila nguvu ya kwenda nje? Siwezi. Ukikaa chini haipo. Ukikaa juu, usipoihesabu utaanguka.

Na ni wewe uliyeandika kwamba hakuna mwongo, kuna viti viwili tu. Ulipofika kwa nzi ukasahau sahani yako. Nenda kafute zile penseli kwenye vitabu vitatu.

Fundi Cherehani


Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Dada Fundi,

Sitafuta. Nitaongeza chini yake: KUTEGEMEA UMEKAA WAPI. Zaidi ya hapo usinidai.

Hata hivyo ni mara ya kwanza tangu nianze kazi mtu kunilazimisha kurudi kwenye kitabu nilichokwisha kukihukumu. Nimeanza mchoro wa pembea na uzi, utafika Ijumaa. Wa kwako ulete nao, tuulinganishe. Je, uzi uliegemea zaidi watoto walipoongeza kasi? Pima pembe. Kwa umri wetu huu tusiache jambo nusu.

Shangazi


Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Kwa Mama na kwa Shangazi, karatasi hii ni moja na msome pamoja.

Shikamooni.

Nimefurahi kwamba mmepatana. Nasema kweli. Siku Muuguzi aliponiambia mmecheka, niliharibu chungu kwa kuruka. Lakini Mama, tarehe ishirini na nane Machi uliandika kwamba utaitaja tarehe. Leo ni siku ya kumi na tatu. Katika siku hizo mmeandikiana kuhusu nyonga, chuma na pembea, na jana Muuguzi ametumwa shule ya chekechea kuomba ruhusa ya kupima pembe. Mwalimu alimuuliza kama kuna tatizo nyumbani.

Muuguzi anasafiri baada ya siku kumi na nane. Mkurugenzi wa kituo amempigia, anataka cheti cha ndoa kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nyumba inakwenda kwa mfamasia. Mfamasia ana mke na cheti.

Mama, hilo unaloliogopa Muuguzi ameniambia, alikuwa analia kidogo ingawa atakana. Nyumba ile ina vyumba viwili. Cha pili tumekipima: meza yako inapita mlangoni ikikatwa miguu kwa inchi mbili, na seremala yupo. Sisi tulikubaliana hivyo Januari, kabla hujaja karakana. Hatukukuambia kwa sababu tulidhani tuombe kwanza ruhusa ya kuoana, ndipo tukualike. Njoo ukae mwezi, ukae mwaka. Ila huwezi kuja kwenye nyumba aliyopewa mfamasia.

Shangazi, wewe nakujua. Hivi sasa umeshika kalamu. Iweke chini.

Msajili anapokea watu Jumatano na Ijumaa tu. Kabla ya safari zimebaki Jumatano mbili na Ijumaa tatu, na ya kwanza ni kesho, kwa hiyo ihesabuni imepotea. Mama, chagua moja kati ya nne zilizobaki, uiandike kwa mkono wako, siku na saa. Shangazi, utie sahihi chini yake na usiongeze neno. Karatasi hiyo naitaka karakana Jumamosi saa nne asubuhi, iwe na mstari mmoja. Ikija na mchoro wowote, hata mduara mdogo, naiweka kwenye tanuri na vyungu, nanyi wawili mtakwenda kumweleza mkurugenzi.

Mfinyanzi